Mji wa Mtu Asiye na Leseni

Nani hapa ana leseni ya kuendesha gari? Hakuna. Wewe uliyenyoosha mkono huko nyuma, shusha. Miaka kumi na mmoja haitoshi, sheria inataka kumi na minane. Basi kaeni vizuri, maana hadithi ya leo inawahusu ninyi hasa: watu wasio na leseni, na miji waliyojengewa na wenye leseni.

Wakubwa wanabishana sana juu ya magari. Wako wanaosema mji hauendi bila gari: mgonjwa atafikaje hospitali, gunia la mchele litafikaje dukani, na mvua ya masika je? Wako wanaojibu kwamba mji uliojaa magari umekwisha kuwa maegesho, na sisi ni wapangaji wa pembeni. Ubishi huo nimeusikia barazani, nimeusikia redioni, nimeusikia hata ndani ya foleni, watu wanne wamekaa kwenye gari lisilosogea wanalaumu wingi wa magari. Kwa miaka yote hiyo ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza: na mtoto wa miaka kumi, yeye anafikaje anakokwenda?

Mimi hilo ndilo swali langu. Mtoto hana leseni, hana hela ya teksi, na kwa kimo chake dereva wa lori hamwoni akiwa mbele ya boneti. Ukitaka kuujua mji, usiangalie magorofa yake. Mtume mtoto dukani, halafu uangalie kama moyo wako unatulia mpaka arudi.

Tuanzie mbali kidogo, mwaka 1923, katika mji wa Cincinnati, Marekani.

Siku hizo gari lilikuwa kitu kigeni mjini. Kabla yake barabara ilikuwa ya kila mtu. Walipita humo watembea kwa miguu, farasi, tramu, wachuuzi wa matunda na mikokoteni yao, na watoto walicheza hapo hapo katikati. Hawakuwa watundu wala wavunja sheria. Barabara ndiyo iliyokuwa uwanja wao. Kisha likaja gari, zito na lenye kasi, na dereva wake hakuona sababu ya kumngoja mtu. Watoto wakaanza kufa, mmoja mtaa huu, mwingine mtaa ule, mpaka ikawa msiba wa miji mizima. Mwaka 1922 mji wa Baltimore ulisimamisha mnara kuwakumbuka watoto wake waliouawa na magari. Wachoraji wa magazeti walichora Mauti yenyewe yakiwa yameshika usukani.

Watu wa Cincinnati walichoka. Wakazunguka mji wakakusanya saini, zikapita 40,000. Na angalieni walichokuwa wakiomba, maana hawakuomba magari yafukuzwe. Waliomba kila gari la mji ule lifungwe kifaa cha kuzuia mwendo, lisiweze kupita maili 25 kwa saa, kama kilomita 40 hivi. Saini zilitosha, ikaitishwa kura.

Lakini wauza magari nao hawakuwa wamelala. Waliona mbali: gari lisilokimbia, nani atatoa pesa zake kulinunua? Wakachanga, wakalipia matangazo, wakawahangaisha wapiga kura kwa kila namna. Novemba ikafika, kura zikapigwa, na ombi la saini zile zote likashindwa vibaya.

Sasa sikilizeni kilichofuata, kwa sababu hapo ndipo penye ujanja. Wenye viwanda na vilabu vya magari waliogopa kwamba kesho mji mwingine utauliza swali lile lile na jibu litakuwa tofauti. Wakaamua kuigeuza lawama. Wakaeneza kwamba mkosaji si gari linalokimbia, mkosaji ni mtu anayevuka ovyo. Mwaka 1925 Los Angeles ikaweka sheria ya kuwabana watembea kwa miguu wavuke pale walipopangiwa, na miji mingine ikafuata. Shuleni watoto wakafundishwa kuikimbia barabara. Kizazi kimoja hakikuisha, na kitu kilichokuwa cha wote kikawa cha mmoja. Waliozaliwa baada ya hapo walidhani dunia iliumbwa hivyo.

Nanyi pia mmefundishwa: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena. Ni somo zuri, lishikeni, litawaokoa. Ila siku moja muulizeni mwalimu kwa nini wimbo wa kuvuka barabara wanaimba watoto peke yao, na madereva hawana wa kwao.

Mji ukishalikabidhi gari barabara, mengine huja yenyewe. Nyumba zinajengwa mbali na maduka, kwa kuwa kila mtu atakwenda kwa gari. Maduka yanazungukwa na maegesho makubwa kuliko duka lenyewe. Miji mingi ya Marekani iliweka hata sheria kwamba huwezi kujenga mpaka uonyeshe nafasi za magari. Na kwa kuwa sasa kila kitu kiko mbali, asiye na gari hawezi kuishi, kwa hiyo naye analinunua. Magari yakizidi, barabara zinapanuliwa.

Huko Houston, Texas, iko barabara inayoitwa Katy Freeway. Ilikuwa na foleni ya kutisha. Wakubwa wakaamua kuimaliza foleni hiyo kabisa. Wakatumia dola bilioni 2.8, na ilipokamilika mwaka 2008 ilikuwa miongoni mwa barabara pana kuliko zote duniani. Mahali penye upana zaidi, ukijumlisha na barabara za pembeni, utahesabu njia 26. Ishirini na sita! Hebu fikirieni kuvuka hapo na mfuko wa shule. Haikupita miaka mingi, safari za asubuhi na jioni zikaanza kuchukua muda mrefu zaidi kuliko mwanzo.

Ilikuwaje? Bibi yeyote aliyewahi kupika kwenye shughuli atawajibu. Ukitangaza kwamba pilau ni nyingi na sahani zimeongezwa, hata jirani aliyekwisha kuamua kula ugali wake nyumbani atavaa kanzu aje. Barabara ni hivyo hivyo. Aliyekuwa akiondoka saa nne ili kuikwepa foleni, sasa anaondoka saa moja kama wengine. Aliyekuwa akikaa karibu na kazi anahamia mbali, kwenye kiwanja cha bei nafuu, kwa sababu barabara ipo. Wote wanakutana kwenye zile njia 26, na wanasimama.

Na mtoto wa mji ule? Ana basi la njano la shule, na akirudi anamngoja mama au baba ashike usukani ndipo aende mpirani, kwa rafiki, maktaba, popote. Hana shida ya chakula wala nguo. Ila hana mahali pa kwenda kwa miguu yake.

Haya, tuvuke bahari twende Uholanzi.

Mkimtaja Mholanzi leo, watu wanamwona juu ya baiskeli, kama vile alizaliwa nayo. Si kweli hata kidogo. Baiskeli walikuwa nazo tangu zamani, lakini baada ya Vita Kuu ya Pili walipata pesa, na mtu akipata pesa miaka ile alinunua gari. Kufikia miaka ya 1960 viwanja vya katikati ya miji vilikuwa vimegeuka maegesho. Nyumba za zamani zilibomolewa barabara zipite. Mwaka 1967 mtaalamu mmoja kutoka Marekani, David Jokinen, alitoa mpango wa kuingiza barabara kuu pana hadi katikati ya Amsterdam. Sehemu ya mtaa wa De Pijp, mtaa wa watu wa kawaida wenye nyumba zilizobanana, ilikuwa ivunjwe kuipisha. Wako wakubwa waliouona mpango huo kuwa ndio maendeleo.

Na watoto wakawa wanakufa, kama Baltimore, kama Cincinnati. Mwaka 1971 peke yake ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000 katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mmoja wa watoto waliokufa mwaka huo alikuwa binti wa miaka sita aliyekuwa akienda shule kwa baiskeli. Baba yake, Vic Langenhoff, alikuwa mwandishi wa gazeti. Mwaka 1972 aliandika makala yenye kichwa kikali: komesheni mauaji ya watoto. Hakuyaita ajali. Wazazi walioisoma walijiunga, likatokea vuguvugu lililojiita kwa jina hilo hilo, na kiongozi wake wa kwanza alikuwa mama kijana wa Amsterdam, Maartje van Putten, ambaye miaka ya baadaye alikuja kuwa mbunge wa Bunge la Ulaya.

Lakini mimi hadithi hii huipenda kwa ajili ya watoto wa De Pijp wenyewe. Mtaa wao ulijengwa karne ya 19, kabla ya magari. Mwaka 1972 vichochoro vyake vilikuwa vimejaa magari yaliyoegeshwa pande zote mbili, na katikati yanapita mengine. Hapakuwa na mahali pa kurusha mpira. Watoto wakaenda nyumba kwa nyumba wakiomba saini ili wapate mtaa mmoja, mmoja tu, wa kuchezea. Walipoona majibu yanachelewa, wakaweka vizuizi, wakaufunga mtaa wenyewe. Madereva walikasirika sana. Watu wazima walifokeana hadharani, mmoja anataka kupita na mwingine anamzuia, huku watoto wamesimama wanaangalia. Tunayajua haya kwa sababu wapiga picha wa televisheni walikuwapo, na filamu hiyo ingalipo hadi leo.

Wazazi nao wakaja na vituko vyao. Walifunga mitaa, wakatoa meza nje, wakala chakula cha jioni katikati ya barabara, mtaa mzima. Walikwenda kukaa mahali palipokuwa pakitokea ajali kila mara. Siku moja waliongozana kwa baiskeli na mpiga kinanda wa mitaani hadi nyumbani kwa waziri mkuu, Joop den Uyl, wakamwimbia na kumwomba mitaa salama. Hawakukaribishwa ndani zaidi ya ukumbi wa mlangoni, lakini alitoka akawasikiliza. Nawaambia, kumwimbia kiongozi mlangoni kwake kuna nguvu kuliko watu wanavyodhani.

Kisha bahati ikawasaidia, ingawa ilikuja kwa sura ya balaa. Oktoba 1973 vita vilizuka kati ya Israeli na nchi za Kiarabu, na Waarabu wenye mafuta wakaikatia Uholanzi mafuta kwa sababu ilikuwa upande wa Israeli. Serikali ikaamuru Jumapili zipite bila magari, kuanzia tarehe 4 Novemba 1973. Barabara kuu zikawa tupu. Watu wakatandika vitambaa wakala juu ya lami, watoto wakateleza kwa viatu vya magurudumu mahali ambapo siku moja kabla wangekanyagwa. Wazee wakakumbuka sauti ya mji wao bila injini. Den Uyl akawaambia wananchi kwamba maisha ya zamani ya kutegemea mafuta hayatarudi. Marufuku yenyewe ilikuwa ya wiki chache tu, lakini watu walikuwa wamekwisha kuona.

Msidhani kesho yake kila kitu kilibadilika. Kazi ilichukua miaka, na ilikuwa ya kuvutana. Miji ya The Hague na Tilburg ilipojaribu njia maalumu za baiskeli katikati ya mji, wenye maduka walilalamika kwamba wateja wao watapotea. Mji wa Delft ulikwenda njia nyingine: katika mitaa ya makazi walipanda miti, wakaweka vitanda vya maua na mabenchi, wakaifanya njia ijipinde, mpaka dereva akiingia anaona mwenyewe kwamba hapa yeye ni mgeni. Hakuna askari wa trafiki, hakuna kelele. Njia yenyewe inamlazimisha aende kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwaka 1976 mitaa ya namna hiyo ikaingizwa katika sheria ya nchi nzima.

Mwendo, wanangu, ndiyo siri kubwa ya jambo hili, kwa hiyo tusimame hapo kidogo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa likigonga, halina nguvu mara mbili ya lile linalokwenda 30. Lina nguvu mara nne. Ndivyo fizikia ilivyo, mtakuja kuisoma sekondari. Saini za Cincinnati ziliomba jambo hilo hilo, na zikashindwa. Mwaka 2023, miaka mia moja kamili baadaye, Amsterdam iliweka kikomo cha kilomita 30 kwa saa katika mitaa yake mingi.

Leo Uholanzi ina baiskeli nyingi kuliko watu. Vifo vya watoto barabarani vimepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka ule wa 1971. Na mtaa wa De Pijp upo, haukuvunjwa, ukienda utakuta watu wamekaa nje wanakunywa kahawa. Lakini neno moja lisiwapite: Waholanzi wana mamilioni ya magari. Hawakuyachoma wala kuyapiga marufuku. Baba wa Kiholanzi anaweza kuwa na gari zuri limeegeshwa nje, na mwanawe akaenda shule kwa baiskeli, na wote wawili wasione ajabu. Kuwa na gari na kulazimika kuwa na gari ni mambo mawili, na ubishi mwingi wa wakubwa unatokana na kuyachanganya.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema Uholanzi ni tambarare, na kuna baridi, mtu hatoki jasho. Kuhusu tambarare nakubali. Mwanafunzi wa Mwanza anayepanda vile vilima vya mawe hawezi kuambiwa tu anunue baiskeli. Kuhusu jua nakubali nusu: jua letu ni kali, ndiyo maana miti ya kando ya barabara isingekatwa hovyo kila barabara inapopanuliwa. Wengine watasema wale ni matajiri. Hapo sikubali kabisa. Njia ya miguu na baiskeli ni kitu cha maskini kuliko vyote. Kinachohitaji utajiri ni barabara ya juu.

Tena sisi wa pwani tuna mji wetu wa mfano, wala hatuhitaji visa kuuona. Mkishuka kwenye boti pale gatini Lamu, hamtasikia honi ya gari. Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa vipimo vya mtu na punda. Kichochoro kinamtosha punda mwenye mzigo, na juu yake utaona wikio, kile chumba kinachounganisha nyumba mbili ng'ambo na ng'ambo. Mchanga, matofali, maji, magodoro, vyote hubebwa na punda au mkokoteni, na punda wana hospitali yao iliyofunguliwa mwaka 1987. Magari yanaishia Mokowe, upande wa bara. Kwa miaka mingi mtoto wa Lamu alitumwa dukani tangu mdogo, na mama hakukaa roho juu, kwa sababu kitu kikubwa kilichoweza kumgonga kilikuwa punda, na punda hujua kusimama.

Nisiwadanganye lakini, nanyi msije mkasema nimewapamba. Nyumba ikishika moto katika vichochoro vile, gari la zimamoto halipiti. Majirani hupanga mstari na ndoo. Mgonjwa wa usiku hubebwa, na akihitaji hospitali kubwa huvushwa kwa boti. Kinyesi cha punda kipo, na harufu yake ipo. Na miaka ya karibuni zimeingia bodaboda. Vijana wanasema ni ajira na ni haraka. Wazee wanasema mji umeharibika. Amri za kuzizuia vichochoroni zimetolewa na ubishi haujaisha. Mimi niko upande wa wazee, ingawa kijana anayenijibu kwamba wazee hawamlishi namwelewa.

Sasa turudi Dar es Salaam na Nairobi, ambako wengi wenu mnaishi. Huku ubishi wa Marekani unafika umevaa nguo isiyotutosha. Marekani wanauliza: je, tunaweza kuishi bila gari? Jamani, sisi tunaishi bila gari! Nairobi, takriban watu wanne katika kila kumi huenda wanakokwenda kwa miguu, na wengi wa waliobaki wanapanda matatu. Wenye magari yao ni wachache. Lakini tazama pesa zinakokwenda. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya haraka ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ya kulipia, sehemu yake ikipita juu ya nguzo. Mwenye gari anafika haraka, nami simwonei wivu. Anayetembea hawezi hata kukanyaga hapo. Anapita chini, kwenye vumbi, kati ya nguzo na mitaro.

Dar es Salaam walijaribu kitu cha akili zaidi. Mei 2016 mwendokasi ulianza kubeba abiria, Kimara hadi Kivukoni, kama kilomita 21 ukijumlisha na matawi yake, mabasi marefu yenye njia yao wenyewe, na kando yake njia za miguu na za baiskeli. Mwaka 2018 mji ukapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri kwa kazi hiyo. Abiria walikuja wengi kuliko mabasi, na foleni za vituoni mnazijua. Hata hivyo wazo lenyewe lilikuwa sahihi: lilimpa kipaumbele mtu wa kawaida anayepanda basi, akampita mwenye gari aliyekwama.

Ila mtoto bado anahangaika. Saa kumi na mbili asubuhi mwanafunzi amesimama kituoni, daladala inakuja, konda ananing'inia mlangoni anapiga kelele, "Denti wawili tu!" Wako ishirini. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na kiti ni kile kile, kwa hiyo konda anapiga hesabu yake. Konda huyo si mtu mbaya; ana hesabu ya kumpelekea bosi jioni. Lakini mji unaomwachia konda aamue ni mtoto gani afike shule kwa wakati umejipanga vibaya. Wanaobaki wanatembea, na wanatembea pembeni ya lami kwa sababu njia ya miguu ama haipo ama imejaa pikipiki.

Na hatari yake si ndogo. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hicho. Si malaria, si kitu kingine.

Kwa hiyo hadithi ninayotaka muishike zaidi haikutokea Amsterdam. Ilitokea Dar es Salaam. Shirika moja linaloitwa Amend lilianza kuuliza swali rahisi: ni shule zipi ambazo watoto wake wanagongwa zaidi? Hawakusubiri barabara ya juu. Walikwenda kwenye shule hizo, wakaangalia watoto wanapopita, wakatengeneza njia ya miguu, wakaweka matuta, vibao na vivuko vya pundamilia. Pale ambapo geti la shule lilifungukia kwenye barabara yenye magari mengi, walilihamishia upande mwingine. Geti tu! Kitu ambacho fundi na vibarua wawili wanakimaliza. Utafiti ulipofanywa, ulionyesha kwamba majeruhi katika maeneo hayo walipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo kubwa ya miji duniani, ukaishinda mipango ya miji mingine, na zawadi yake ilikuwa dola 250,000. Sasa umeenea nchi nyingine za Afrika.

Wala msidhani mji wa mtoto unawafaa watoto peke yao. Bibi mwenye fimbo anapita njia ile ile ya miguu. Mwenye kiti cha magurudumu anapanda ule mteremko mdogo uliowekwa ukingoni. Gari la wagonjwa nalo linafika upesi zaidi, kwa kuwa waliokuwa wakiziba njia kwa magari ya mtu mmoja mmoja wamepata namna nyingine ya kwenda. Kigali tangu mwaka 2016 wanafunga baadhi ya barabara kwa asubuhi chache za Jumapili kila mwezi, watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Mji haujafa.

Basi nina kazi ya kuwapa. Kesho mchukue daftari, mtembee kutoka nyumbani hadi shuleni mkiwa na mkubwa mmoja. Andikeni kila mahali mnapolazimika kukimbia ili kuvuka. Andikeni kila mahali njia ya miguu inapokatika, au inapozibwa na pikipiki, meza ya biashara au shimo lisilo na mfuniko. Kisha andikeni barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na nakala kwa diwani na kwa mwalimu mkuu. Mlioko Kenya, mpelekeeni mwakilishi wa wadi. Wekeni majina yenu na umri wenu chini. Msiombe barabara mpya. Ombeni matuta mawili na kivuko mbele ya geti la shule. Kiongozi huyo akiwajibu kwamba fungu hakuna, mwombeni kwa adabu awaandikie jibu hilo kwenye karatasi, aweke sahihi na muhuri.